Nilimusemea marehemu nyuma ya rido juu ya kukimbia takse

Mi njo nilikosa. Musitafute shetani. Shetani mwenyewe, siku ile, alinitazama akashika kichwa.

Niko mama muzee, sikusoma, jina yangu naijuaka ku sikio tu. Mama mumoja wa kanisa njo ananiandikia. Nimemukataza kuweka jina, na nimemukataza kulia, juu karatasi ikilowa sina ingine. Mucheke sasa, bandugu. Kule mbele kicheko hakuna.

Kwetu ni huku Nyabiondo, ku milima ya Masisi. Mi na muzee wangu tulikuwa na butiki pembeni ya soko: chumvi, sabuni, mafuta ya mawese yenye mutoto wetu mukubwa anatumaka toka Walikale. Nyuma ya butiki, mashini ya kusaga mihogo. Vyote ilikuwa ku patanti moja, ile ruhusa ya biashara yenye unalipia kila mwaka, na patanti ilikuwa ku jina ya muzee. Tena kila siku ya soko, perseptere, mwenye kukusanya takse, kodi ya serikali, anapita na begi yake, anakukatia jeto, ile karatasi kidogo ya soko, unalipa, anaenda kwa mwingine.

Perseptere wetu! Anasemeaka mu pua kama mbuzi yenye mafua: "Booon, Mama, mi niko tu muntu wa kazi. Bon. Serikali njo inaomba, hapana mi." Nilimuiga mbele ya soko yote, bamama banajishika tumbo, kumbe yeye amesimama nyuma yangu! Akacheka pia. Hakuwa muntu mubaya. Wakati mashini yetu ilikatika mukanda, alikuja akaitazama, akaipiga teke kidogo, akatoa zile siku zote ku hesabu yetu. "Bon, mashini imekufa. Haisage, hailipe."

(Bale benye kufunga barabara na bariere na bunduki, takse yao ni ingine. Hiyo sitasema. Mudomo yangu imezeeka lakini ingali inapenda uzima.)

Nilizaliwa na hiyo kitu, kuiga sauti. Pasta akiomba matoleo. Motari wa pikipiki akidanganya bei. Mama wa maharagwe akiapa kama kipimo yake imejaa, na kidole yake kubwa iko ndani ya kipimo! Bantu bananiitaka toka mbali: "Mama, tufanyie Pasta!" Na mi nafanya. Mungu alinipa dawa, nikaona ni bombo, ile sukari ya batoto.

Sasa muzee akagonjwa. Uso ilivimba upande moja, jicho ikafunga, sauti ikaharibika, unasema muntu anasemea ndani ya chungu. Na alikuwa muntu wa kupenda uso yake, weee! Alinyoaka ndevu hata siku ya kulima. Akaniambia: "Sikia, tundika rido. Hakuna muntu ataniona hivi." Yeye kila neno anaanzaka na "sikia". Nikatundika kitenge kati ya butiki na chumba. Bantu bakikuja banamusalimia toka upande wa chumvi, yeye anajibu toka ndani. Bakazoea.

Na kwetu kuko desturi, hata bantu ba takse banaiheshimu: mwenye kulala haombwake jembe. Mwenye butiki akilala ku kitanda, perseptere hakate jeto yake, haulize patanti, mupaka aamke ao azikwe. Akiamka, banaongea. Akizikwa, bibi anamaliza matanga, kisha anaenda kutafuta patanti ya jina yake mwenyewe. Hivyo njo nilikuwa najua. Kama kuko ingine ndani yake, sikuuliza. Mudomo yote hii, na sikuuliza!

Ugonjwa ikazidi. Mutoto wa Walikale akasema kule kuko munganga mwenye anajua kupasua uvimbe ya namna ile. Akatuma moto, ile pikipiki. Ilikuwa asubui ya ukungu, huoni hata kuku yako mwenyewe ku miguu. Muzee akajifunika blanketi mupaka ku kichwa, akapanda. Akaniambia: "Sikia, usiambie muntu. Wacha bajue niko ndani. Nitarudi na uso yangu."

Nikanyamaza. Hapo sikuwa nimekosa bado. Bantu bakiuliza, najibu, "Amelala."

Kisha telefone ikalia. Mutoto wetu anasemaka mu telefone kama anaita ng'ombe ku mulima ingine. Siku ile alisema polepole. "Mama. Papa ametuacha."

Vita ilikuwa imekata barabara. Toka kule mupaka huku hakuna muntu anapita, hata muzima, sembuse maiti. "Tutamuzika huku, Mama. Hatuna namna."

Nikamuambia: "Muzike. Bantu ba huku usibaambie. Mi njo nitabaambia."

Nilitaka tu nilie peke yangu kidogo. Nikaingia nyuma ya rido, nikakaa ku kitanda yake, nikaweka kona ya kitenge mu mudomo.

"Hodi! Bon, Papa iko aje leo?"

Perseptere!

Bandugu, sijue ilitoka namna gani. Nilifungua mudomo nimuambie, amekufa. Ile yenye ilitoka ilikuwa sauti ya muzee.

"Sikia, Perseptere... niko tu."

Na kikohozi yake! Ile ya kukatika katikati! Nilimusikia mi mwenyewe. Baliniambia amekufa, machozi yangu haijakauka, na yeye njo huyu, anasalimia bantu ku kitanda yake!

"Bon, Papa, pumuzika. Ukiamka tutaongea." Akaenda zake. Hakukata jeto.

Nitasema kweli yote. Mara ya kwanza ilikuwa huzuni. Mara ya pili ilikuwa takse.

Juu mara ya pili nilikuwa nimekaa nikafikiri. Patanti mupya ya jina yangu. Jeto za soko. Mashini. Na unga hainunuliwe, bantu bamekimbia, wenye bamebaki banakula ile banachimba. Nikasema: ngoja barabara ifunguke, mutoto akuje, njo tutalia pamoja. Muzee atanielewa, si yeye mwenyewe alisema "wacha bajue niko ndani"? Munaona vile muntu anaokota neno ya marehemu anaifanya kifuniko ya sufuria yake!

Basi kila siku ya soko, nikimuona perseptere ameanza ku mustari ya bamama ba mihogo, naambia bantu, "Ningojeni nimusafishe muzee." Naingia nyuma ya rido. Nakohoa.

Perseptere akazoea kukaa juu ya mufuko ya chumvi na kumuambia muzee shida yake. Bibi yake alikuwa amerudia kwao. "Papa, wewe uko mukubwa. Bon. Nifanye nini?" Na mi, mujane wa kujificha, natoa shauri ya ndoa na sauti ya mwanaume: "Sikia, mwana. Peleka mbuzi kwa baba yake. Na ukifika pale usianze kusema Kifransa." Akapeleka! Bibi akarudi! Alikuja kumushukuru muzee na ndizi, na nilizikula.

Nilicheka nyuma ya rido mupaka nikauma mukono. Halafu nikakumbuka. Muzee wangu alibebaka majeneza ya bantu wote ba hii kilima, mvua ao jua. Na yeye hakuna muntu amemuimbia hata wimbo moja. Kwetu maiti inalindwa na sauti ya bantu. Mi nilimunyima sauti za bantu, nikamuibia na yake.

Sasa musikie juu ya wifi.

Muzee alikuwa na dada moja tu, iko anaishi upande wa Mweso. Baligombanaka juu ya shamba ya mama yao. Dada alipanda maharagwe, muzee akasema shamba ni yake, akaing'oa ingali na maua. Dada akasimama mu kiwanja yetu, akasema mbele ya bantu: "Kaka, hata siku ya kilio yako, mi sitakanyaga hapa."

Neno ya vile kwetu haianguke chini. Inabaki imesimama kati ya bantu wawili. Kuko njia moja ya kuifungua: mwenye aliisema analeta maji, anaitemea mate kidogo ya baraka, mwenzake anakunywa na anajibu, "Nimekunywa." Lakini paka bazima wawili. Moja akikufa mbele, neno inabaki ku shingo ya mwenye aliisema, na inatembea mupaka kwa bajukuu.

Siku moja ya soko perseptere alikuwa amekaa ku chumvi, mi niko ndani nakohoa, nikasikia makambambili inaburuta chini. Nikajua ile mwendo. Miaka mingi sijaisikia, nikaijua.

"Hodi. Ni hapa kwa kaka yangu?"

"Karibu, Mama," perseptere akasema. "Iko ndani. Bibi yake anamusafisha."

Nikatazama mu tundu ya kitenge. Wifi alizeeka! Alikuwa na kifurushi ku kichwa, vumbi mupaka ku magoti. Vita ilibafukuza kule kwao, alikuja na miguu. Wifi yangu anasemaka mbio mbio, kama maharagwe inamwangika ku sahani. Siku ile alisema moja moja.

"Kaka. Ni mi. Usinifukuze. Baliniambia ku njia kama unagonjwa. Kaka, nyumba iliungua. Mbuzi balichukua. Ile yote niliacha. Lakini neno yenye nilikusemea, nilikimbia nayo, naibeba kila fasi. Nimekuja kuirudisha."

Perseptere akatoa kofia. "Bon," akasema, na pua yake ilikuwa imejaa. "Papa, mupokee dada yako. Mi niko mushahidi."

Mushahidi! Yesu weee!

Nikasikia maji inamwangwa mu kikombe. Nikasikia anatema, pff, pff. Na mukono ikapita chini ya rido. Mukono kavu, ya kulima, ya kupika, imeshika kikombe ya bati.

Kilikuwa kitenge tu, bandugu! Hapana ukuta! Ningekifungua, ningesema: wifi, kaka yako alikufa, tulie. Lakini perseptere iko pale. Na jeto zote zenye sikulipa. Na aibu. Na ile mbuzi ya shauri yangu! Nikafikiri: nisipokunywa, atajua kaka yake amemukataa. Hivi njo nilijidanganya, nikasema ni huruma.

Nikachukua kikombe. Maji ilikuwa na ladha ya moshi.

"Sikia, dada," nikasema. "Nimekunywa."

Wifi akapiga vigelegele. Peke yake, muzee vile, na njaa yake! Akatoka inje mbele ya soko: "Kaka amekunywa! Muliona? Kaka amekunywa!" Akarudi akashika rido. "Nifungulie nione uso yako, kaka."

"Usinione hivi, dada. Uso iliharibika."

"Eh! Wewe na uso yako!" Akacheka. "Tangu utoto! Mama alikuwa anakuficha kioo!" Akapiga kitenge na mukono, pa, vile unamupiga muntu wako ku bega. Ile mukono ilinigusa hapa, ku kifua. Ingali hapa.

Akapata fasi ya kulala kwa bandugu ba kilima ya pili. Alitembea wepesi. Alinona. Bantu bakasema: ona vile neno ikifunguliwa, mwili pia inafunguka!

Na mi nikaanza kukonda.

Barabara ikafunguka. Hakuna alinionya. Siku ya soko, saa soko imejaa, moto ikasimama mbele ya butiki, mutoto wetu akashuka. Kichwa imenyolewa. Akatazama huku, akatazama kule.

"Mama. Bantu ba matanga bako wapi?"

"Matanga ya nani?" akauliza mama wa maharagwe.

"Ya Papa!"

Nilisikia soko inazima, namna mashini inazimaka: inapunguza, inapunguza, halafu pyee. Wifi akapita kati ya bantu. Alikuwa na sahani ya unga ku mukono.

"Papa yako nani?"

"Shangazi..." Mutoto akaanza kulia. "Tulimuzika Walikale. Mavuno ya maharagwe ilikuwa haijafika."

Wifi alikuja kwangu mavuno imekwisha. Kila muntu pale alijua. Alikuja na ile vigelegele!

Hakupiga makelele. Angepiga makelele, ningejua namna ya kujibu. Aliweka sahani chini, akanyoosha unga na kidole isimwangike. Akatazama rido.

"Nani alikunywa maji yangu?"

Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Ni mi, wifi," nikasema. Na sauti yangu yenyewe ilitoka kidogo, ya kuvunjika, unasema ni ya kuazima.

Na perseptere, masikini, nyuma ya bantu: "Na mi? Bon... mi nilikuwa naomba shauri kwa nani?" Bantu bamoja bakacheka, kisha bakashika midomo. Kicheko ya mwisho yenye nililetea hii soko.

Tulilia. Tulifanya matanga ya kuchelewa, bila maiti, bantu bananitazama kama mulango ya nyumba yenye mwizi alipitia. Wifi hakuingia. Alikaa inje ya kiwanja, ku mawe, mupaka bakamaliza.

Perseptere akakuja kunipa pole, bila begi. Akakaa ku chumvi.

"Mama, ungeniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Siku za matanga hatukate jeto. Mujane, kwetu hapa, anamaliza mwaka na patanti ya bwana yake, hatumusumbue. Na juu ya vita, ungeomba, tungepunguza takse ya mashini. Bon. Unafikiri nakaaka hapa juu ya nini? Chumvi ni kitanda? Ni kusikia shida ya bantu."

Hakuigiza. Hata mu pua hakusema.

Ile yote nilimuuza marehemu juu yake, ningepewa bule! Kwa kuomba tu, na mudomo yangu ya kila siku! Jeto zenye niliruka, nililipa kidogo kidogo, kila soko. Iliisha. Sasa patanti iko na jina yangu. Serikali haina neno na mi.

Wifi njo iko nayo.

Pasta aliomba. Alimuambia, Mungu anasamehe, neno imekwisha. Wifi akaitika na kichwa. Lakini mujukuu wake akikohoa tu, hata ya vumbi, ananitazama toka upande mwingine wa soko.

Mi siige tena. Banasema, "Mama, tufanyie Pasta," nakataa. Rido nilitoa, nikaichoma. Lakini wifi anakujaka. Siku ingine anakuja, anakaa ku chumvi, anatazama fasi ya rido, anaanza kusema mbio mbio, kama zamani:

"Wifi, nipe kaka. Kidogo tu. Sema tu 'sikia'. Sema tu 'dada'. Najua amekufa, hapana wazimu, najua. Nipe tu."

Na sauti ya muzee iko. Haikuenda! Iko hapa mu koo, inagonga meno toka ndani, inataka kutoka. Siku moja nilifungua mudomo. Wifi akafunga macho, akangoja, na uso yake ikawa ya musichana. Nikafunga mudomo.

Akasimama. "Wewe! Siku yenye sikukuomba, ulinipa. Leo nakuomba, unaninyima!"

Akaenda zake. Kesho kutwa atarudi.

Basi nyinyi benye butiki, benye mashini, bamama ba mihogo na ba makala ya kupikia, mi sina masomo, nina hii tu. Takse ikikushinda, enda, uulize, ulie mbele ya begi ya perseptere, ubishane naye, mutukanane hata! Uombe ile iko haki yako kupewa. Na kifo ikiingia kwako, toka inje upige makelele siku ile ile, hata kama anayekungoja ku mulango ni serikali yote.

Juu takse ikichelewa, kuko biro, ile ofisi unaenda unalipa. Banakuongezea kidogo, banakutukana kidogo, inaisha. Kilio ikichelewa, hakuna biro.

Nimetafuta.